Msimu Ambao Mtoto Hakuitika

Mama yangu alizikwa katikati ya kiangazi, wakati ardhi ya Lubumbashi ni ngumu hata wachimba kaburi wanaanza na sululu kabla ya kushika koleo. Mengi ya siku ile nimehadithiwa na watu. Ninayokumbuka mwenyewe ni mlio wa sululu, viatu vyangu vyeusi vilivyogeuka vyekundu kwa vumbi, na kosa nililolifanya kabla jeneza halijafungwa.

Kosa lenyewe halieleweki bila habari ya majina. Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, ana miaka tisa. Alipozaliwa tulimpa jina la mama yangu, jina zima, lile lile lililo kwenye kadi ya ubatizo ya mama. Kwetu mtu akibeba jina la mtu anabeba na cheo chake, kwa hiyo tangu yuko mgongoni nilimwita Mama. Mke wangu akimtania alimwita mkwe wangu. Baba yangu, mzee wa reli aliyestaafu, anayekaa nasi, alimwita "bibi yangu", na hapa kwetu bibi ni mke. Asubuhi alikuwa akimwuliza mtoto wa miaka mitatu kwa nini hajampikia chai, na mke wake halisi akicheka kutoka jikoni.

Nikiita "Mama!" pale uani, vichwa viwili viliinuka. Mama yangu, ambaye mtoto alimwita kambo, yaani nyanya, ndiye aliyemfundisha kuitika. "Bakikuita, usisemake 'nini'," alimwambia. "Mbuzi njo inajibuaka 'mee' bila kujua nani anaiita. Weye sema 'niko'." Basi mtoto akawa mtu wa "niko". Hata usingizini ukimwita, alijibu hivyo na kuendelea kulala.

Siku ya mazishi tulipita sebuleni mmoja mmoja mbele ya jeneza. Nilikuwa nimejikaza tangu hospitali, nimetafuta gari, nimetafuta viti na turubai, nimegombana na mwenye viti. Nilipofika mbele ya uso wa mama, sauti ikanitoka bila mimi kuipanga. Niliita "Mama!" kwa nguvu, kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Na nyuma yangu, kwa sauti ndogo iliyo safi, nikasikia: "Niko, papa."

Wanawake waliokuwa wakilia walinyamaza. Halafu mmoja akapiga yowe, na wengine wakampokea. Mama mdogo, yaani mdogo wa mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Kilwa, ile yetu ya ziwani, si ya pwani, alimkamata mtoto mkono akamtoa nje mbio. Nilimsikia akimfokea barazani. "Mutoto haitikiake jina ya maiti! Ukiitika, atakuita tena! Mutu asimuite huyu mutoto jina ile, na yeye asiitike, mpaka siku ya kutosha kilio." Kutosha kilio ni siku ya kuondoa matanga, na ya mama ilikuwa bado miezi mingi mbele.

Sikuwahi kusikia desturi hiyo. Lakini mimi nilikuwa bado nimesimama mbele ya jeneza na mdomo wazi, na kilio changu kilikuwa kimekatika katikati. Nilikingoja kirudi. Hakikurudi. Nikafunga mdomo, nikasogea, mtu wa nyuma yangu akapita.

Tangu hapo nilikufa ganzi. Sina neno lingine. Mguu ukifa ganzi unajua uko pale, unauona, unaupiga kofi, lakini ni kama wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima.

Kazi yangu iko Kasumbalesa, mpakani. Ninawatengenezea wenye malori karatasi za forodha, naondoka nyumbani Jumatatu na kurudi Ijumaa. Kabla ya msiba nilikuwa mtu wa hasira za karibu, ninayetukana mihuri, foleni, madereva, mvua na jua. Baada ya msiba nikawa mtu wa kusifiwa. Nilijaza karatasi bila kosa hata moja. Dereva akinipigia kelele nilimsubiri amalize, nikamwuliza tena namba ya gari. Mkubwa wangu alisema nimekomaa. Nikamwambia asante.

Nyumbani tulimtii mama mdogo. Hatukuwa tumekubaliana, ilitokea tu. Mke wangu alihamia kwenye Kifaransa, akamwita mtoto sheri, yaani mpenzi. Baba yangu aliendelea na bibi yangu, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Mimi nilimwita wee. "Wee, leta maji." "Wee, umekula?" Mara nyingine sikumwita kabisa; nilikwenda mpaka alipo, nikamgusa bega. Naye alikuja, alileta maji, alikuwa amekula. "Niko" haikusikika tena katika nyumba yetu, na mimi sikuiona kama imepotea. Nilikuwa sioni mengi.

Septemba mijakaranda ilichanua, barabara za katikati ya mji zikajaa maua ya zambarau yanayokwama kwenye viatu, na shule zikafunguliwa. Mtoto alirudi na kazi ya kufanya: atembelee mahali patatu pa historia ya mji, apachore, na aandike alichoambiwa na mtu mzima. Mke wangu alinitazama. "Jumamosi uko," alisema. Nilikuwepo, kweli, kwa maana hiyo ya kuwepo.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda makumbusho. Kiongozi wetu alikuwa bwana mmoja mwenye tai na fimbo ya kuonyeshea, aliyesema kila jambo mara mbili, mara ya kwanza kwa Kifaransa. Alituonyesha misalaba ya shaba ya wazee wa zamani, mizito, mikono yake sawa yote minne. Alisema ilikuwa pesa yao. Mtu alioa kwa hiyo, na akifa aliwekewa nyingine kaburini.

"Juu ya nini?" mtoto aliuliza.

"Asifike kule mikono mitupu, mama," kiongozi alijibu. Alisema mama kama mtu yeyote mwenye adabu anavyomwambia mtoto wa kike. Niliona mtoto akifumba midomo kama mtu anayezuia kikohozi. Halafu akakaa chini kwenye saruji akachora msalaba, na mimi nikasoma kibao cha maelezo mara tatu, na nilipotoka pale sikujua kimeandikwa nini.

Jumamosi ya pili baba yangu alitaka kwenda nasi, kwa sababu ilikuwa zamu ya stesheni, na kwake stesheni haikuwa historia bali kazini. Alivaa kofia yake ya reli. Alitembea kwenye lile jukwaa refu akipiga nguzo kwa kiganja, moja moja, akimwambia mtoto treni gani ilisimama wapi. Tulipofika kwenye benchi la mbao alikaa.

"Bibi yangu, andika hii," alimwambia. "Hapa njo nilimuonaka kambo yako. Alikuwa anauzisha samaki ya kukauka ya Kilwa, anasema ile muzigo yote ni ya ndugu yake, yeye anachunga tu. Bongo, uongo mutupu! Nikanunua samaki. Kesho nikanunua tena. Nilikula samaki mpaka tumbo ikaniuliza kama tumekosa unga ya bukari."

Mtoto alicheka. Baba naye alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, wazi, bila kujificha, machozi yakishuka kwenye ndevu zake fupi huku bado anaeleza bei ya samaki. Mtoto alimshika mkono akaendelea kuandika kwa mkono mwingine. Mimi nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imesimama siku nyingi, nadhani miaka. Nilimwonea baba wivu, na nilijua kwamba ni wivu, lakini hata huo niliujua kwa mbali.

Jumamosi ya tatu tulisimama kando ya barabara tukatazama bomba kubwa la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyusha shaba ulio chini yake, ambao kila mtoto wa mji huu anauchora bila hata kuutazama. Yeye alichora bomba bila moshi. Sikumwuliza kwa nini. Tulinunua karanga tukarudi nyumbani, na kazi ikawa imekwisha.

Mwisho wa Oktoba joto lilikuwa limekaa juu ya mji kama mfuniko wa sufuria, kila mtu akitazama mbingu kungoja mvua ya kwanza. Nikiwa Kasumbalesa mke wangu alinitumia kwenye simu picha ya karatasi kutoka shuleni. Ilisema kwamba binti yetu hajafika darasani hata siku moja tangu shule kufunguliwa, na kwamba kama hali itaendelea hadi Desemba, jina lake litafutwa.

Niliisoma kama ninavyosoma karatasi za malori. Nikaona ina kosa. Mtoto alitoka nyumbani kila asubuhi na kurudi na wino vidoleni. Madaftari yake yalikuwa yamejaa. Ijumaa nilipofika nilimwuliza anakwenda wapi asubuhi. "Shuleni," alisema. Sikuwa na nguvu ya kugombana.

Jumatatu sikwenda kazini. Nilikwenda shuleni, nikasimama kwenye korido karibu na dirisha la darasa lake. Watoto walikuwa wengi, watatu watatu kwenye benchi. Mwalimu, kijana mgeni mwaka huo, alikuwa akisoma majina bila kuinua kichwa, na watoto wakijibu mmoja baada ya mwingine. Nilimwona binti yangu benchi ya mbele kabisa, mikono juu ya dawati.

Mwalimu akasoma jina la mama yangu.

Lilisomwa zima, kama lilivyosomwa kanisani siku ya mazishi. Mtoto alikaa kimya. Hakuinamisha kichwa, hakucheza na kitu. Alikuwa amekaza midomo na ameinua kichwa kidogo upande mmoja. Mwalimu alingoja kidogo, akachora alama, akaenda kwenye jina linalofuata. Ndivyo ilivyokuwa tangu Septemba: binti yangu alikuwa akiandikwa hayupo, akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye kalamu inayomwandika.

Jioni nilimketisha uani. Nilimwambia, "Kesho ukisomewa jina, uitike."

"Mama mudogo alikataza."

"Mimi ndiye baba yako. Nimesema uitike."

Alinitazama bila ujeuri wowote. "Weye mwenyewe hauniitake," alisema.

Mke wangu alikuwa akisonga bukari, akaacha mwiko ndani ya sufuria, kitu ambacho hakifanyi kamwe. "Umesikia?" alisema. "Bwana, huyu mutoto anapotea ndani ya nyumba, na weye unamuangaliaka sawa mutu anangoja bisi pa barabara. Tutatosha kilio gani wakati mwenye kuishi pia amepotea? Mama mudogo njo alifunga ile jina. Twende Kilwa afungue."

Kwa kawaida ningesema barabara ya Kilwa haipitiki, gari litavunjika, kazi itanisubiri. Nikasema sawa.

Tulipanga kwenda mwanzoni mwa Novemba, siku za kuwakumbuka wafu. Mwenzangu wa kazi aliniazima pikapu yake ngumu. Baba yangu alisema mgongo wake hauiwezi barabara ile, akaingia chumbani, akatoka na kitenge cha mama kilichokunjwa, cha kumpelekea mdogo wake. Alimkabidhi mtoto. "Bibi yangu, beba wewe," alimwambia. "Baba yako ataisahau kwenye barriere ya polisi."

Mvua ya kwanza ilitukuta njiani. Hatukuwa tumefika hata Kasomeno, tulikopanga kulala, na tayari udongo ulikuwa umegeuka sabuni. Mara mbili tulikwama. Mara ya pili gari lilizama hadi kwenye ekseli, na wanaume wa kijiji cha karibu walikuja na majembe na matawi, wakichekelea viatu vyangu. Nilisukuma pamoja nao, matope yakinifika usoni, kimya. Nilipopanda garini mke wangu alinipangusa kwa ncha ya kitambaa. "Hata kutukana?" aliniuliza. Alikuwa akitabasamu, lakini niliona ameogopa. Mtoto alikaa katikati yetu, kitenge cha kambo yake juu ya magoti, hakukiacha hata tulipokula.

Tulifika Kilwa kesho yake adhuhuri. Ziwa lilikuwa jeupe, halina upepo, na harufu ya samaki ilitupokea kabla ya watu. Mama mdogo alikimbia kutoka uani kwake akilia kwa sauti, kama inavyotakiwa. Alinikumbatia, akamkumbatia mke wangu, akamkumbatia mtoto pamoja na kitenge. Ana uso wa mama, umekatwa mfupi kidogo. Nilikuwa nimeuogopa uso huo njia nzima. Nikautazama, hakuna kilichotokea.

Tulikula bukari na samaki wadogo wa ziwani. Halafu, kabla sijasema neno, mama mdogo aliamua kwamba mtoto lazima aone mahali walipotoka watu wake. Alitupeleka kwenye nyumba moja ya matofali ya wakati wa Wabelgiji, karibu na maji. Paa limekwisha. Mti umeota mahali palipokuwa sebule, na mbuzi wawili walikuwa wamelala kwenye ngazi.

"Papa yetu alikuwaka mupishi humu," aliniambia. "Mama yako na miye tulisimama pa ile dirisha, tunangojea mukate wenye kuungua. Ile ya muzuri ilikuwa ya muzungu. Ya kuungua ilikuwa yetu. Mama yako alikuwaka anaombea mukate iungue."

Mtoto alilichora dirisha. Alichora na watoto wawili chini yake, wakitazama juu. Mke wangu alinigusa kiwiko nione. Niliona.

Tuliporudi uani, mama mdogo alitandika mkeka, na mtoto akakaa pembeni na daftari lake la kuchorea. Nilimweleza mama mdogo shida iliyotuleta. Nilisema kwa utaratibu: karatasi ya shule, benchi ya mbele, jina lisiloitikiwa. Nilisema tumekuja kumwomba afungue alichofunga, au aturuhusu tuondoe kilio mapema. Nilisema kwa heshima, macho chini, kama mtu anavyosema na mzazi.

Mama mdogo alinisikiliza, kisha akashika kifua. "Miye?" alisema. "Nilisema vile?"

"Ulisema, mama mudogo. Barazani, siku ya maziko."

"Mwanangu, siku ile nililia mpaka kichwa ikapasuka. Sijue nilisema nini, sijue nilikula nini, hata njia ya kurudia sijue. Jina ya dada yangu, niizuize miye? Aitike tu! Kwa nini hamukuniuliza?"

Basi. Hakukuwa na fundo lolote la kufungua. Miezi mitano nyumba yangu ilikuwa imeishi chini ya maneno ambayo aliyeyasema hakuyabeba hata hadi Kilwa.

Hapo kitu kikanipanda, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi nilikitambua mara moja, kwa sababu ni rafiki yangu wa zamani. Ilikuwa hasira. Nilisimama nikampigia kelele mama mdogo wangu, mdogo wa mama yangu, uani kwake, mbele ya majirani. "Mutoto wangu miezi mitano hana jina! Miezi mitano! Na weye haujue?" Mke wangu alinishika mkono, nikajitoa. Mama mdogo alianza kulia, safari hii bila sauti. Ninaona aibu kusema kwamba ilikuwa vizuri.

Tulipogeuka, mtoto hakuwepo. Daftari lilikuwa juu ya mkeka, kalamu katikati yake.

Mwanzoni mke wangu alisema ameenda chooni. Hakuwa chooni. Hakuwa kwa majirani wala kwenye ile nyumba ya matofali. Wanawake walibaki wakimtafuta kati ya nyumba, mimi nikakimbilia kule ambako kila mtu alikuwa anakufikiria na hakuna aliyekutaja, yaani majini.

Bandarini ilikuwa saa ya samaki. Mitumbwi ilikuwa inashushwa, mashua moja ya injini ilikuwa inapakia watu wa kisiwani, wanawake wameinama juu ya mabeseni wakipanga bei. Nilianza kuita, "Wee! Wee!" Watoto ishirini waligeuka, wakaniangalia, wakarudi kwenye michezo yao. Niliita tena. Mtu mzima anayeita wee bandarini ni kama anayepiga honi sokoni.

Basi nikaita, "Mama!"

Mabeseni yote yalinyamaza. Nadhani kila mwanamke pale alikuwa mama wa mtu. Waliinua vichwa, wakaniangalia, mwanaume mwenye mvi kidevuni, suruali ya matope, anayelia mama.

"Mama yako amepotea, papa?" mmoja aliniuliza, mwanamke mnene mwenye magamba ya samaki hadi kwenye viwiko.

"Ndiyo," nilisema. "Nimempoteza."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Roba ya manjano."

"Iko na miaka ngapi?"

"Tisa."

Walicheka hadi wengine wakashika magoti. Lakini yule mnene hakucheka sana. Alinyoosha kisu chake kuelekea upande wa mwisho wa ufuko, kwenye mtumbwi uliogeuzwa chini juu. Binti yangu alikuwa amekaa juu yake, mgongo wake kwetu, anatazama maji. Hakuwa mbali. Alikuwa amenisikia tangu wee ya kwanza.

Nilimwendea polepole. Nilipofika hatua chache nyuma yake nikaita tena, si kwa nguvu. "Mama."

Aligeuka. Alikuwa amekaza midomo na ameinua kichwa kidogo upande mmoja, vilevile kama darasani.

"Unaita nani?" aliuliza.

"Naita weye."

"Na siku ile? Kwa kambo? Ulikuwa unaita nani?"

Ningeweza kumdanganya. "Siku ile nilikuwa naita kambo," nilisema.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyejua jibu tangu zamani. "Njo vile," alisema. "Ulikuwa unaita kambo, na miye nikamutangulia kuitika. Kama nilinyamaza, yeye angeitika."

Nilikaa chini kwenye mchanga wenye maji. Hakuwa akimwogopa mama mdogo. Hakuwa akitii katazo lolote. Kila asubuhi tangu Septemba, jina likisomwa, mtoto huyu alikuwa amekaa benchi ya mbele anamwachia kambo yake nafasi, anatega sikio kama kuna mwingine atakayeitika. Na mwalimu alichora alama yake, na mimi nilikuwa Kasumbalesa, ninasifiwa kwa kukomaa.

"Sikiliza," nilimwambia. "Kambo hangeitika. Hata kama ungenyamaza, hata kama tungenyamaza watu wote. Kambo alikuwa amekufa. Nilikuwa namuita bure."

Sikuwa nimelisema hilo mahali popote, kwa yeyote, wala ndani ya kichwa changu. Nilikuwa nimesema mazishi, nimesema msiba, nimesema kilio. Maneno yenyewe yaliponitoka, kile kilichokatika mbele ya jeneza kikarudi kutoka kilikokuwa. Nililia pale chini mbele ya mtoto wangu, kwa sauti, kama baba yangu kwenye benchi lake, kamasi na yote. Iliniuma mwili mzima, jinsi mguu unavyouma ganzi inapotoka.

Alishuka kwenye mtumbwi akasimama mbele yangu. Hakunikumbatia. Alinipangusa uso kwa kiganja, bila upole sana, kama kambo yake alivyokuwa akimpangusa yeye.

"Basi ita tena," alisema. "Ita muzuri."

"Mama."

"Niko, papa."

Tulirudi kupitia kwenye mabeseni, yeye mbele, ameshika kidole changu. Wale wanawake walikuwa wametungoja. Hakuna aliyecheka sasa. Nadhani uso wangu uliwatosha. Yule mnene alitusogezea beseni lake tupate njia.

"Papa," aliniuliza, "umemupata mama yako?"

"Nimemupata mumoja," nilisema.